Tangazo Lililosomwa kwa Sauti ya Misiba

Watu wa ng'ambo ya reli walimwita Mama Tangazo, ingawa hakuwahi kuzaa, wala hakuwahi kukanyaga kituo cha redio. Kila siku mpaka saa sita mchana alikuwa mfuaji wa hospitali. Alifanya kazi katika chumba kirefu chenye mvuke, na mashine mbili ambazo moja ilikuwa imekufa tangu mwaka juzi na ikageuzwa meza ya kukunjia mashuka. Mikono yake ilikuwa na harufu ya klorini ambayo hata sabuni ya kunukia haikuiweza. Baada ya hapo, akiitwa, alikuwa mtangazaji wa misiba.

Kazi hiyo ya pili aliirithi kwa baba yake. Babu zao waliletwa kuvunja mawe kwenye machimbo, kabla hata shangazi yake hajazaliwa, na shangazi yake alishavuka sabini. Mawe yalipokwisha, hakuna aliyekumbuka kuwarudisha walikotoka. Wakabaki na lugha yao, makaburi yao, na mtaa mmoja uliobanwa kati ya reli na ukuta wa kiwanda cha magodoro. Lugha yenyewe haikuwa na kitabu hata kimoja. Kwa hiyo mtu akifa, habari ilipita kwa mdomo. Baba yake aliipitisha kwa baragumu la bati, naye akaja kuipitisha kwa kipaza sauti cha mkononi kinachotumia betri sita.

Tangazo la msiba lilikuwa na mwanzo wake: "Watu wa nyumbani, wekeni chini mlichoshika." Na kweli waliweka. Mwanamke aliyekuwa akikata mboga aliweka kisu, fundi aliweka nyundo, mwenye mtoto alimlaza mkekani. Kisha wote walisimama na kusikiliza. Mama Tangazo aliwahi kutangaza chanjo, sabuni ya unga, hata mbuzi aliyepotea akakutwa chooni kwa jirani, lakini hayo aliyaanza kwa "habari za mchana" kama mtu mwingine yeyote. Ule mwanzo ulikuwa wa wafu. Katika miaka ishirini na mitatu hakuwahi kuutumia kwa neno lisilo la kweli.

Mwaka ule kulikuwa na uchaguzi wa diwani, na kwa watu wa ng'ambo haukuwa uchaguzi wa mchezo. Kiwanda cha magodoro kilitaka kupanuka, na pa kupanukia palikuwa mahali pamoja tu: mtaani kwao. Mgombea mmoja alikuwa ameahidi kuwapa hati za viwanja vyao. Mwenzake alikuwa swahiba wa mwenye kiwanda, na kila akiulizwa kuhusu hati alicheka na kusema mambo mazuri hayataki haraka. Mara ya mwisho kiti kile kiliamuliwa kwa kura mia tatu hivi. Mtaa ulikuwa na wapiga kura karibu elfu moja. Hesabu hiyo kila mtu aliijua, pamoja na wale ambao wangependa isijulikane.

Jumatatu, siku sita kabla ya kura, dada mmoja mtanashati alifika hospitalini na kusimama mlangoni mwa chumba cha mashuka, akijipepea kwa bahasha.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye Mama Tangazo?"

"Marahaba. Inategemea nani kafa."

Dada akacheka. Alitoka kampuni ya matangazo, akasema. Walikuwa na ujumbe wa kuwasaidia wananchi wakati wa uchaguzi, wakataka watu wa ng'ambo wausikie kwa lugha yao, kwa mtu wanayemwamini. "Tumeuliza huku na huku. Kila mtu anakutaja wewe."

Mama Tangazo alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na moja, na hakuna mtu kutoka upande ule wa mji aliyewahi kumwambia kwamba aliuliza habari zake. Alifuta mikono kwenye aproni, akasema atakuja saa nane.

Chumba cha kurekodia kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri. Kuta zilibandikwa sponji nyeusi zenye matundu, na mlango ulipofungwa masikio yalijaa kimya kizito kama pamba. Walimpa karatasi iliyochapwa. Ilisema kwamba mpiga kura ambaye wazazi wake walitoka nje ya nchi anashauriwa kwenda kituoni na cheti cha kuzaliwa cha baba yake, na kwamba asiye na cheti anaweza kuhojiwa na vyombo vya usalama. Ilimalizia hivi: "Epuka usumbufu. Baki salama na familia yako."

Yeye hakuwa na namna ya kuandika tafsiri, maana hawakuwa na maandishi. Alitafsiri papo hapo, kama alivyofanya siku zote, jicho likiwa mstari mmoja mbele ya ulimi. Anayefanya kazi hiyo akili yake yote huwa mdomoni. Huwa anatafuta neno lisilokwaruza, pa kuvuta pumzi, pa kushuka. Maana ya jambo lenyewe hupita kama abiria ndani ya basi ambalo wewe ni dereva wake. Akamaliza, akavua vifaa vya kusikilizia vya masikioni, akajiona amefanya vizuri.

"Vizuri sana, mama," alisema yule dada kupitia kioo. "Ila umeanza kama mtu anayeuza sabuni."

"Ulitaka nianzeje?"

"Kama mnavyoanza kule kwenu. Kwenye misiba. Nimesikia hakuna mtu anayebaki amekaa."

"Ile ni ya misiba tu, mwanangu."

Dada akatazama kalamu yake. "Na hawa wakikamatwa siku ya kura, mama, kwa sababu hakuna aliyewaambia? Huo hautakuwa msiba?"

Akalifikiria. Akawaona akina mama anaowajua wakipandishwa gari la polisi, na yeye akiwa ndiye aliyekataa kuwaonya. Akavaa tena vile vya masikioni. *Watu wa nyumbani, wekeni chini mlichoshika.* Ilitoka vizuri kuliko siku zote. Baadaye aliletewa fomu, akaweka sahihi mahali alipoonyeshwa kwa ukucha uliopakwa rangi.

Jumatano gari la matangazo likaanza kuzunguka, na spika nne juu ya paa. Dereva wake alikuwa kijana wa ng'ambo huko huko, ambaye kwa ajili ya kichwa chake chekundu cha hina na hasira zake za kuwaka na kuzima walimwita Kiberiti. Alhamisi alasiri lilipita mbele ya nyumba ya Mama Tangazo wakati shangazi yake akichambua mchele uani. Bibi yule aliposikia mwanzo wa tangazo aliweka ungo chini, akashika ukuta, akasimama. Alisikiliza mpaka mwisho. Gari lilipokata kona, akabaki amesimama vile vile.

"Wewe, mtoto wa kaka yangu."

"Abee, Shangazi."

"Cheti cha baba yangu nikakitoe wapi? Baba yangu alizaliwa njiani wakija huku. Aliyempokea alikuwa na kisu, hakuwa na kalamu."

"Ndivyo walivyoandika, Shangazi."

"Nimepiga kura tangu nikiwa na meno yote. Hakuna hata siku moja waliyoniuliza baba. Mwaka huu ndio wamemkumbuka?" Akamtazama. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtia baridi Mama Tangazo. "Uliuliza? Kabla ya kutusimamisha, ulimuuliza mtu?"

Hakuwa ameuliza. Alipotangaza kifo, siku zote alikwenda kwanza kumwona maiti kwa macho yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa amri ya baba yake. Safari hii hakwenda kuona kitu. Alisoma karatasi.

Ijumaa aliomba ruhusa kazini, akaenda ofisi ya uchaguzi. Afisa aliyempokea alikuwa mwanamume mnene, mpole, mwenye leso shingoni. Alimsikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Hakuna kanuni kama hiyo, mama. Kadi yako, na jina lako daftarini. Basi. Mambo ya baba yako hayatuhusu."

"Basi watangazieni watu hivyo."

"Andika malalamiko. Yatashughulikiwa ndani ya siku saba za kazi."

"Uchaguzi ni keshokutwa, baba."

"Ndiyo maana nakuambia uandike mapema." Alisema hivyo bila kutabasamu, akachukua fomu mwenyewe ili amsaidie. "Aliyetangaza ni nani? Maana kueneza uongo wa uchaguzi ni kosa la jinai. Tunaanza na mwenye sauti. Wengine hutafutwa baadaye, wakipatikana."

Feni ilizunguka juu yao. Mama Tangazo akasema: "Ni mimi."

Kalamu ikasimama. Afisa akatazama mlango, kisha akaikunja fomu mara mbili na kuitia kwenye droo. "Nenda nyumbani, mama," alisema polepole. "Mimi sijakusikia."

Alitaka kumwambia kwamba hakuja kuonewa huruma. Lakini afisa alikuwa ameshamwita mtu wa nyuma yake.

Akiwa barabarani alimpigia simu dada wa kampuni. Iliita mara tatu bila kupokelewa. Ya nne ikapokelewa.

"Lizimeni lile tangazo," alisema. "Ni la uongo. Nimetoka kuuliza."

"Mama, sisi ni wapeleka ujumbe tu. Mteja ndiye mwenye ujumbe."

"Mteja ni nani?"

"Hilo siwezi kusema. Halafu mama, nakuambia kama mwanao, usilivalie njuga jambo hili. Ile fomu uliyosaini inasema tafsiri ni yako. Huku kwetu hakuna hata mmoja anayejua lugha yenu. Hatujui ulisema nini."

Simu ikakatika. Alisimama kando ya barabara, watu wakimpita huku na huku. Wa kuthibitisha alichosema walikuwepo elfu moja, wote walimsikia kwa masikio yao.

Jumamosi hakwenda kazini. Alitia betri mpya kwenye kipaza sauti, akapiga moyo konde, akaingia mtaani kwa miguu. Hakuwa amefika hata kwenye bomba la maji alipokutana na sauti yake mwenyewe ikija kutoka upande wa pili, kubwa, tulivu, imepambwa mwangwi ambao hakuwa nao kooni. Ilimfunika kama shuka lenye maji. Alimsimamisha Kiberiti kwa kusimama katikati ya njia.

"Zima hiyo, mwanangu."

"Mama Tangazo! Unagombana na nani, wewe na wewe?"

"Zima. Ni uongo."

Kicheko kikafutika usoni mwa Kiberiti. Akaonyesha kidude cheusi kilichobandikwa chini ya usukani. "Hiki kinawaonyesha nilipo, na kama spika zinafanya kazi. Nikizima dakika mbili wanapiga simu. Mke wangu anajifungua mwezi ujao, Mama." Kisha, kwa heshima aliyobaki nayo, akapunguza sauti kidogo mpaka alipompita, akaipandisha tena.

Penye bomba kulikuwa na watu. Aliongea nao bila kipaza sauti, uso kwa uso. Aliwaambia alikokwenda, alichoambiwa, kwamba alidanganywa naye akawadanganya. Walimsikiliza kwa adabu. Mwashi mmoja mrefu, ambaye Mama Tangazo alimtangazia msiba wa mama yake mwaka ule ule, ndiye aliyejibu.

"Mama Tangazo, nikuulize. Tangu enzi za baba yako, kuna mtu mliyetutangazia amekufa, halafu mkarudi kutuambia amefufuka?"

Watu wakacheka, lakini kicheko kifupi.

"Hakuna," alisema.

"Basi tushike lipi? La kwanza ulilitoa kwa sauti ya msiba. Hili unalinong'oneza."

"Wamemtisha huyu," mwanamke mmoja mwenye ndoo alimwambia jirani yake, kana kwamba Mama Tangazo hayupo. "Jana kaonekana akitoka ofisini kwao. Angalia midomo."

Ni kweli midomo ilikuwa ikitetemeka. Aliikaza, ikawa mbaya zaidi.

Jambo lililomchoma halikuwa kwamba hawakumwamini. Walimwamini mno. Walimwamini kwa miaka ishirini na mitatu, na imani hiyo ndiyo iliyonunuliwa na watu asiowajua, ikapandishwa juu ya paa la gari. Alizunguka mpaka koo likakauka. Mwishowe, akina mama wa upande wa kiwandani walimwambia neno moja la maana: "Atangulie shangazi yako. Hana cheti, kila mtu anajua. Sisi tutasimama pale relini, pale panapoonekana lango la shule ya kupigia kura. Akiingia akatoka salama, tunakuja wote na waume zetu."

"Mtakuja kweli?"

"Akitoka salama," walisema.

Jumapili saa mbili asubuhi aliongozana na shangazi yake mpaka shuleni, kulikokuwa na kituo. Bibi alivaa kanga mpya na viatu vilivyofungwa. Mama Tangazo aligeuka mara moja: kule kwenye tuta la reli walikuwa wamejipanga, zaidi ya mia, wengine wamejikinga jua kwa viganja. Aliwapungia mkono, na mikono michache ikamjibu.

Ndani ya darasa, madawati yalisukumwa ukutani. Karani alikuwa mwalimu kijana, mstaarabu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alipokea kadi ya bibi, akalitafuta jina, akalipata, akaweka rula chini yake.

"Shikamoo, bibi. Na cheti cha baba?"

Mama Tangazo alidhani amesikia vibaya. "Cheti gani?"

"Cha kuzaliwa. Wa ng'ambo wote wanatakiwa kuja nacho."

"Nani kakuambia? Imeandikwa wapi?"

"Mama, si limetangazwa wiki nzima?" Kijana alishangaa, hakuwa na ubaya hata chembe. "Gari limepita mpaka dirishani kwangu. Lugha yenu siijui, lakini jirani yangu ni wa huko, alinitafsiria neno kwa neno. Alikuwa analia."

"Ni mimi niliyetangaza! Ile ni sauti yangu. Si sheria, ni uongo, nilipewa karatasi!"

Karani aliwatazama mawakala wa vyama waliokaa nyuma yake. Mmoja alitazama dari. "Kama ni wewe uliyetangaza, mama," alisema kijana kwa upole, "basi sheria hii unaijua kuliko mimi."

Aliitwa msimamizi wa kituo. Alikuja na kitabu cha mwongozo, akalowesha kidole, akafungua ukurasa baada ya ukurasa. Hakuona kitu kuhusu vyeti vya baba, lakini hakuona pia mahali palipokataza kuviuliza. Akapiga simu makao makuu, haikupokelewa. Bibi akapewa kiti. Ikapita nusu saa, ikapita nyingine. Mama Tangazo aliwaza wale waliosimama juani kwenye tuta, wakihesabu muda ambao shangazi yake amekuwa ndani.

"Mwachieni apige kura," alisema. Kisha akalisema tena, na mara hii ilitoka ile sauti ya kifuani, ya kuvuka mtaa mzima bila betri. "Jina lake limo! Mnaliona limo! Mwachieni mama huyu!"

Madirisha yalitikisika. Mtoto wa mtu akaanza kulia kwenye foleni.

"Afande," alisema msimamizi bila kuinua macho kitabuni, "huyu anavuruga."

Askari alikuwa mtu mzima, naye hakutumia nguvu. Alimshika tu juu ya kiwiko na kumtoa nje, wakapita uwanja wa shule wenye vumbi mpaka langoni. "Tulia hapa, mama yangu," alimwambia. "Wakimalizana naye atakukuta." Lakini hakumwachia mkono, maana alikuwa ameagizwa amtoe, na hakuambiwa amwachie.

Jua lilikuwa limepanda. Kutoka langoni mpaka kwenye tuta hapakuwa na mti wala ukuta, na Mama Tangazo aliwaona wazi, kama nao walivyomwona: yeye amesimama, na mkono wa askari juu yake, na shangazi yake haonekani.

"Niachie," alisema. "Tafadhali, baba. Wananitazama. Niachie nikae mwenyewe."

"Subiri kidogo."

Akafungua kinywa awaite. Koo lililovuka mtaa kwa miaka yote hiyo lilitoa mkwaruzo tu. Alikuwa amelimaliza jana kwenye bomba na leo darasani. Akainua mkono uliobaki huru, akawapungia kwa nguvu, waje, waje. Kule juu, mwashi mrefu aliutazama mkono ule ukipunga hewani kama wa kuwafukuza, akamshika mkewe bega, akamgeuza. Hawakukimbia. Waliteremka upande wa pili wa tuta mmoja mmoja, kimya, wakishikana mikono pale penye kokoto, kama watu wanaotoka makaburini.

Msimamizi alikuwa amekata shauri. Shangazi alitoka darasani akitembea kwa taratibu yake, kidole chake kina wino mbichi, uso umechangamka kidogo. Alipofika langoni alikiinua kidole juu kabisa kuelekea relini, akakishikilia hapo, akikaza macho yake mabovu.

"Wananiona?" aliuliza. "Wapo upande gani?"